Nguva au silikanti: klabu yenu ya mazingira imchague yupi?

Shule za pwani zikifungua Januari, swali hili hunifikia kwa sura moja au nyingine. Klabu ya mazingira inataka mnyama mmoja wa mwaka: wa kuchora ukutani, wa kutungia igizo, wa kwenda naye dikoni kuzungumza na wavuvi. Twiga na tembo wamechorwa mpaka wamechoka. Wa baharini wanaobishaniwa mwishoni hubaki wawili, nguva (mamalia mkubwa wa baharini) na silikanti (samaki wa ukoo wa kale aishiye kina kirefu), na mara nyingi ubishi huishia kwa mwanafunzi mmoja mwenye simu kusoma kwa sauti kwamba silikanti yuko katika daraja la juu la hatari duniani na nguva yuko la chini, basi silikanti ameshinda, tufunge kikao.

Hapo ndipo ninapoomba kikao kisifungwe. Upande wangu nausema mapema: kwa klabu nyingi, nguva. Lakini hoja ya simu ni mbovu kwa pande zote mbili, na iko shule moja au mbili ambazo ningeziambia zichague silikanti bila kusita.

Tuwaweke kwanza ubavu kwa ubavu.

| | Nguva | Silikanti |
|---|---|---|
| Faila | Chordata | Chordata |
| Ngeli | Mammalia | Sarcopterygii |
| Oda | Sirenia | Coelacanthiformes |
| Familia | Dugongidae | Latimeriidae |
| Spishi | *Dugong dugon* | *Latimeria chalumnae* |
| Ndugu hai katika familia | hakuna | mmoja, wa Indonesia |
| Orodha Nyekundu ya IUCN (shirika la uhifadhi la kimataifa), dunia nzima | daraja la chini kati ya matatu ya hatari | daraja la juu, linalotangulia kutoweka |
| Mkataba wa CITES (biashara ya viumbe kuvuka mipaka) | Kiambatisho cha I | Kiambatisho cha I |
| Anakokaa | maji mafupi yenye nyasi bahari | miteremko na mapango ya mwamba, kwa kawaida zaidi ya mita 100 kwenda chini |
| Chakula | nyasi bahari | samaki na ngisi |

Jedwali linasema kweli, ila linaficha mambo mawili. La kwanza liko kwenye safu ya ngeli, la pili kwenye safu ya Orodha Nyekundu.

Nani ndugu wa nani

Mtoto wa darasa la tano atakwambia silikanti ni samaki, nguva ni mamalia, hawahusiani. Ukimuuliza nani kati yao ana undugu na changu, atacheka: silikanti, mwalimu, si wote samaki?

Jibu lake si sahihi, na kwangu hiki ndicho kipande kitamu zaidi cha ulinganisho wote. Samaki wengi tuwajuao, changu, jodari, kolekole, wamo katika tawi la samaki wenye mapezi ya miiba myembamba. Silikanti hayumo humo. Mapezi yake yamekaa juu ya vikonyo vya nyama vyenye mifupa ndani, na anapoogelea huyachezesha kwa kupishana, la kulia mbele na la kushoto nyuma, kama mnyama atembeaye. Tawi lake la mapezi ya nyama ndilo lililozaa kamongo, na ndilo lililozaa vyura, mijusi, ndege, tembo, nguva na sisi wenyewe. Kwa hiyo ukifuata mti wa nasaba kwa uaminifu, nguva yuko karibu zaidi na silikanti kuliko changu alivyo karibu na silikanti. Watoto hawaamini mpaka uwachoree ubaoni.

Mwaka 2013 wanasayansi walipochapisha jenomu ya silikanti, yaani vinasaba vyake vyote, lilijibiwa swali lililokuwa limesumbua kwa miaka mingi: kati yake na kamongo, nani jamaa wa karibu zaidi wa wanyama wa miguu minne? Ni kamongo. Yaani yule anayevuliwa kwenye matope ya Ziwa Victoria na kuuzwa sokoni amemshinda mwenzake mwenye sifa za dunia nzima. Ndiyo maana vitabu havikubaliani kuhusu ngeli ya silikanti. Wengine hawapendi kuiita Sarcopterygii, jina la tawi zima la mapezi ya nyama, kwa sababu kwa hesabu hiyo na mwalimu anayefundisha naye ni Sarcopterygii.

Nguva ana nasaba nyepesi kueleza. Oda ya Sirenia leo ina spishi nne tu: nguva mmoja na manatii watatu, ambao hukaa pande za Atlantiki na mito yake. Jamaa zao wa nchi kavu ni tembo, na baada ya tembo ni pimbi, yule mdogo anayeota jua juu ya mawe. Ukitaka ushahidi wa macho, dume la nguva huota pembe mbili, fupi lakini pembe hasa, na jike ana chuchu mbili karibu na kwapa, kama tembo. Chuchu hizo bila shaka zimechangia hadithi ambayo kila Mswahili anaijua. Lugha yetu imempa jina moja yeye na yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, na Waarabu wa Ghuba nao humwita bi harusi wa bahari.

Ndugu wa nguva katika familia alikuwapo. Mwaka 1741 mwanasayansi Georg Steller alimkuta katika visiwa vya baridi kaskazini mwa Pasifiki, mnyama wa mita 8 hivi asiyejua kukimbia. Kufikia 1768 alikuwa amekwisha. Miaka 27. Tangu hapo Dugongidae ni familia ya mtu mmoja.

Silikanti amepata bahati ya kinyume, familia yake imeongezeka. Hadi 1938 ilidhaniwa ukoo mzima ulikwisha pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Tarehe 22 Desemba mwaka huo, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba la makumbusho la East London, Afrika Kusini, aliitwa bandarini kuangalia samaki wa meli ya Kapteni Goosen, akaona pezi la buluu ndani ya rundo. Mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith akampa jina la kisayansi lenye jina la mwanamke huyo na la mto Chalumna. Wa pili akapatikana 1952 Nzwani, Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua siku zote kama gombessa na wakamshangaa Mzungu anayetoa pauni 100 kwa samaki asiyelika vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akajitokeza wa Sulawesi, Indonesia, akatangazwa spishi ya pili, *Latimeria menadoensis*, mwaka 1999.

Onyo dogo kwa wachoraji wa mabango: msiandike kwamba silikanti ni kisukuku hai ambacho hakijabadilika kwa miaka milioni 400. Ukoo wake ndio wenye umri huo. Yeye mwenyewe, jenasi *Latimeria*, hajapatikana kwenye mawe, na jamaa zake wa kale walikuwa na maumbo ya kila namna.

Lebo ya hatari, na inavyodanganya

Sasa ile hoja ya simu. Orodha Nyekundu ina madaraja matatu ya hatari kabla ya kufikia kutoweka porini. Silikanti wetu yuko la juu, nguva la chini. Mwanafunzi amesoma vizuri.

Alichokosa ni kwamba lebo ya nguva ni wastani wa bahari nzima, kuanzia kwetu hadi visiwa vya Pasifiki. Australia ina makumi ya maelfu. Ghuba, kando ya Bahrain, Qatar na Falme za Kiarabu, ina kundi la pili kwa ukubwa duniani. Hao ndio wanaoishusha lebo. Ukiwaondoa, hali ni nyingine: Uchina mwaka 2022 watafiti walimtangaza kuwa amekwisha kwa maana yoyote ya vitendo. Desemba ya mwaka huohuo IUCN ikampima nguva wa Afrika Mashariki peke yake na kumweka daraja la juu kabisa, alipo silikanti. Wakubwa wenye uwezo wa kuzaa katika pwani yetu yote wanakadiriwa kuwa chini ya 250. Wengi wao wako visiwa vya Bazaruto, Msumbiji. Hapo ndipo penye kundi pekee linaloonekana kuweza kujiendesha. Huku kwetu, kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na Kenya upande wa Lamu na Kiunga, tunazungumzia mmoja hapa, wawili pale.

Na lebo ya silikanti nayo ina walakini wake, wa upande mwingine. Tathmini iliyomweka pale ni ya mwaka 2000. Mwishoni mwa mwaka huohuo wazamiaji wa Afrika Kusini wakawakuta wakiwa hai Sodwana, mita 104 kwenda chini. Mwaka 2001 mmoja akanaswa karibu na Malindi. Mwaka 2003 wa kwanza wa Tanzania akapatikana upande wa Kilwa, na kuanzia 2004 Tanga ikaanza kuwatoa mfululizo, hasa Kigombe. Lebo iliandikwa kabla ya yote hayo.

Sisemi kwamba yuko salama. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walihesabu upya duara za kwenye magamba yake, kama tunavyohesabu za mti, wakakuta anaweza kuishi miaka 100 hivi, ambapo zamani ilidhaniwa 20. Jike hafikii kuzaa mpaka apite miaka 50. Mimba huchukua miaka mitano hivi. Chukua jike mkubwa aliyenaswa Kigombe mwaka 2004: huyo huenda alizaliwa enzi za Mwingereza, na huenda alikuwa bado hajazaa mara mbili. Samaki wa namna hiyo hafidiwi kwa msimu wa kufunga uvuvi.

Nguva naye si mwepesi sana wa kuzaa. Mimba ya zaidi ya mwaka, ndama mmoja, kisha miaka mitatu hadi saba kabla ya mwingine. Lakini akishafika utu uzima bila kunaswa anaishi miaka 70, kwa hiyo jike mmoja anayeachwa hai ana maana kubwa. Kwenye kundi la watu wachache namna hii, jike mmoja ni asilimia.

Kwa hiyo nikiulizwa nani yuko taabani zaidi katika maji yetu, nasema nguva. Dunia nzima, silikanti. Klabu yenu inafanya kazi maji yapi?

Wavu ni uleule

Kinachowaua wote wawili kina jina moja: jarife. Ni nyavu za macho makubwa zinazotegwa chini na kuachwa usiku kucha, zimekusudiwa papa na taa. Nguva anayekuja kula usiku haoni wavu, anajizonga, na kwa kuwa anavuta pumzi juu kila baada ya dakika chache, amekufa kabla mvuvi hajaamka. Silikanti wa Tanga walianza kuonekana pale majarife yaliposhushwa kwenye kina zaidi, maana papa wa karibu walikuwa wamepungua. Hakuna aliyekwenda kumtafuta.

Tofauti inaanza baada ya kunaswa, na hapa ndipo ujumbe wa klabu unapotengana. Nguva akikutwa hai, mvuvi akikata wavu ataondoka zake. Ni mnyama wa majini mafupi, amechoka tu. Mwombe mvuvi afanye hivyo, na uwe na jibu la nani atalipa wavu uliokatwa, maana ndilo swali la kwanza utakaloulizwa, na ni swali la haki. Silikanti akifika juu ametoka kwenye baridi na giza akaingia maji ya moto yenye oksijeni kidogo. Wachache sana huweza kurudi. Kwake dawa ni moja: jarife lisitegwe kwenye mteremko ule. Hilo ni jambo la mipaka na kanuni, na mtoto wa kidato cha pili hana kauli nalo.

Halafu kuna ulafi wetu. Nyama ya nguva ni tamu, wazee wa pwani hawafichi, na mafuta yake yalikuwa dawa ya kila kitu. Akinaswa kwa bahati mbaya, bahati hiyo haiwi mbaya kwa kila mtu. Ya silikanti ina mafuta ya namna ya nta yanayoendesha tumbo, na hilo pengine limemlinda kuliko mkataba wowote. CITES imewapiga marufuku wote wawili kuvuka mipaka kibiashara, lakini sijaona mchuzi wa nguva ukiombewa kibali cha kusafiri.

Ukiwa na watoto 30 na kamba ya mita 50

Wote wawili hawaonekani. Tusidanganyane na safari ya kumtazama nguva; mvuvi wa miaka 40 Kilwa anaweza kuwa amemwona mara mbili. Lakini chakula cha nguva kinaonekana, na hilo kwangu linamaliza sehemu kubwa ya mjadala. Maji ya bamvua yakitoka, nyasi bahari zimelala wazi, zinakanyagika. Watoto wanaweza kuweka fremu ya mraba, wakahesabu aina, wakapima urefu wa majani, wakarudi bamvua la miezi mitatu baadaye wakapima tena. Wataona makokoro yalipoburuzwa. Wataona nanga zilipochimba. Nguva mmoja hula kilo 40 hivi kwa siku na huacha mitaro kwenye nyasi anapochimbua mizizi. Wakiukuta mtaro hata mmoja hawatausahau. Na nyasi hizohizo ni malezi ya tafi na kamba wanaouzwa dikoni, kwa hiyo mzazi mvuvi ana sababu yake ya kusikiliza hata kama nguva hamhusu. Watoto wasichanganye tu nyasi bahari na mwani: nyasi zina mizizi na maua, mwani hauna.

Silikanti hana kitu kama hicho. Ana hadithi. Tena hadithi bora kuliko zote, ya msichana wa makumbusho, ya pauni 100, ya samaki aliyefufuka, na ana timu ya mpira: timu ya taifa ya Komoro inaitwa kwa jina lake, na ndiyo iliyoifunga Ghana 3-2 kwenye AFCON Januari 2022. Kwa darasa la biolojia linalofika kwenye mada ya mageuzi, hana mpinzani. Lakini hadithi ikishasimuliwa Februari, Machi mtafanya nini?

Isipokuwa mko Tanga. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilianzishwa 2009, kilomita za mraba 552 kuanzia mlango wa mto Pangani kwenda kaskazini hadi ghuba ya Tanga. Shule iliyo Kigombe, Mwarongo au Tongoni imekaa kando ya hifadhi pekee nchini iliyobeba jina la samaki mmoja, kati ya hifadhi tatu za bahari za Tanzania Bara. Nyingine ni Mafia ya 1995 na ile ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma ya 2000. Hapo silikanti si hadithi ya kitabuni. Baba wa mtoto wa dawati la tatu amemshika kwa mkono. Watoto wanaweza kurekodi simulizi za wavuvi, kina gani, wavu gani, mwezi gani, na hizo ni taarifa ambazo hata watafiti hulazimika kwenda kuziomba kwa wavuvi haohao. Nyinyi chagueni silikanti, na msijali ninachosema juu ya nguva.

Kwa Mafia, Rufiji, Kilwa, Lamu na Kiunga, nguva bila mjadala. Unguja na Pemba, nguva pia, kwa sababu ya nyasi. Dar es Salaam nimeona klabu zikifanya vizuri kwa kila mmoja, ila kwa silikanti mwalimu alilazimika kufanya kazi mara mbili. Shule za bara zisizo na bahari kabisa nazo huniuliza. Hao nawaambia silikanti, wamweke kando ya kamongo wa sokoni, na somo la nasaba litajifundisha lenyewe.

Wale wanaotaka wote wawili kwenye ukuta mmoja, sina neno. Wachoreni na jarife moja katikati yao.

Ila mkimchagua nguva, kaeni karibu na mchoraji. Ukigeuka kidogo tu amemtia nywele ndefu na kitana mkononi. Nguva ana masharubu mdomoni, mkia uliogawanyika kama wa pomboo, na uso ambao hakuna baharia angeuposa.